Karagwe ya Waenda kwa Miguu

Aprili 1862 msafiri wa Kizungu James Augustus Grant aliondoka Karagwe akiwa mabegani mwa watu. Kidonda cha mguu kilikuwa kimemlaza kwa miezi. Mwenzake John Hanning Speke alikwisha kutangulia Buganda tangu Januari, na nafasi ya kumfuata ilipopatikana Grant hakuweza hata kusimama sawasawa. Akalazwa kwenye machela, wabebaji wakamwinua, msafara ukashika njia ya kaskazini. Miaka miwili baadaye alichapisha kitabu cha safari ile akakiita A Walk Across Africa, yaani matembezi ya kuvuka Afrika. Sina ugomvi na jina hilo, maana sehemu kubwa ya njia kweli aliitembea. Ila kipande cha kutoka Karagwe kilitembewa na wengine, na majina yao hayakuwahi kuwekwa juu ya jalada lolote.

Njia waliyoifuata wabebaji wale haikuwa barabara. Ilikuwa mstari wa udongo uliokanyagwa, upana wa mtu mmoja, ukipanda na kushuka kadiri ardhi ilivyotaka. Na ardhi ya huku ina matakwa mengi. Karagwe na Kyerwa, ambazo hadi 2012 zilikuwa wilaya moja ya kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ni nchi ya migongo. Vilima vimejipanga kwa safu ndefu, nyingi zikielekea kaskazini na kusini, na kati ya safu na safu kuna bonde, mara nyingi lenye mafunjo na tope lisilokauka. Juu ni majani, malisho ya ng'ombe. Ubavuni ni migomba, kahawa na nyumba. Chini ni chemchemi. Mtu wa hapa ana safari za namna mbili. Ile ndefu hufuata mgongo: kwenda gulioni, kwenda mjini, kwenda ng'ambo. Ile fupi huukata mgongo: kushuka kisimani, kupanda shuleni, kuvuka kwenda kwa shemeji ubavu wa pili. Ndefu ni ya siku mojamoja. Fupi ni ya kila siku, tena zaidi ya mara moja, na wanaoifanya sana ni wanawake na watoto. Barabara zote zilizowahi kutengenezwa hapa, tangu za wakoloni hadi lami ya juzi, zimetengenezwa kwa ajili ya safari ndefu.

Enzi za wafalme wa ukoo wa Wahinda mgongano wa safari hizo mbili haukuwepo, kwa sababu kila safari ilikuwa na njia yake na hakuna iliyomfukuza mwenzake. Israel Katoke, aliyeandika historia ya ufalme wa Karagwe katika kitabu kilichotoka 1975, anaianzia simulizi yake mnamo mwaka 1400. Kwa muda wote huo wasanifu wakubwa wa njia walikuwa ng'ombe. Makundi ya Mkama, yaani mfalme, na ya matajiri yalihama kati ya malisho ya juu na maji ya bondeni, na yalikopita yaliacha njia pana, zilizolimika kwa kwato, ambazo mtu mwenye mzigo kichwani angeweza kupishana na mwenzake bila kuingia majanini. Ndani ya vibanja, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani, hali ilikuwa nyingine. Humo vijia vilipinda kati ya shina na shina la mgomba, vimefunikwa kwa majani makavu, vyembamba kiasi kwamba mgeni hakuvijua mpaka aongozwe. Wepesi wa kupita kwenye njia ya ng'ombe ulikuwa kwa kila mtu. Wepesi wa kupita kibanjani ulikuwa kwa jirani tu, na ndivyo ilivyokusudiwa.

Kisha ikaja njia ya tatu, ya wafanyabiashara. Katikati ya karne ya 19 misafara kutoka pwani iliyokwisha kujenga kituo Tabora ilianza kusukuma kaskazini kutafuta pembe za ndovu. Ilipita Usui, upande wa Biharamulo ya leo, ikaingia Karagwe, ikavuka Mto Kagera kwa mitumbwi huko Kitangule, na kuingia Buganda. Mpagazi alibeba kiasi cha frasila mbili, karibu kilo 32, na walitembea mmoja nyuma ya mwingine, kwa hiyo msafara wa mamia ya watu uliacha alama ileile ambayo angeiacha mtu mmoja aliyepita mara mia.

Kilichoifanya njia hiyo ipendwe hakikuwa upana wake. Usui ilisifika kwa hongo, yaani ushuru wa kupita. Speke alikamuliwa huko mpaka akachoka, na alipovuka mpaka akashangaa: Mkama Rumanyika alikuwa ameagiza wakuu wa vijiji wawapatie wageni chakula kwa gharama yake, kwa kuwa Karagwe haikutoza wapita njia. Rumanyika alikuwa na sababu zake. Baada ya kifo cha baba yake Ndagara, yeye na ndugu yake Rogero waligombea ufalme, na kwa mujibu wa maelezo aliyopewa Speke, aliyesaidia mizani kumwelekea Rumanyika ni Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa na maskani Tabora. Mkama aliyewekwa na wafanyabiashara alijua thamani ya njia iliyo wazi. Nadhani huo ndio uamuzi wa kwanza wa sera ya barabara tunaoweza kuusoma katika historia ya Karagwe, na haukuhusu jembe wala sululu. Ulihusu nani ale nini akifika.

Karibu na ikulu ya Bweranyange wafanyabiashara hao wakajenga makazi yao, Kafuro. Msafiri mwingine, Henry Morton Stanley, alifika hapo mapema 1876 akamkuta Ahmed bin Ibrahim, Mwarabu aliyekuwa ameishi Karagwe miaka mingi, ana nyumba, watumwa na ng'ombe. Watu wa namna yake walikuwa wametoka au wamepitia Unguja, katika mji ambao vichochoro vyake vilipimwa kwa bega la mtu na shehena ya punda, kiasi kwamba hadi leo gari haliingii sehemu kubwa ya Mji Mkongwe na mwenye baiskeli hupiga kengele kabla ya kila kona. Hawakuuleta mpango huo Kafuro. Ardhi ilikuwa tele, jua si kali kama la pwani, na hapakuwa na haja ya ukuta kumtilia kivuli mpita njia. Walijenga kwa nafasi, wakaacha miguu ichore yenyewe.

Wasafiri wa Kizungu wameandika mengi kuhusu Bweranyange: wake wa Mkama walionenepeshwa kwa maziwa, ziwa ambalo Speke na Grant walilibandika jina la ziwa la Uingereza, vifaa vya chuma vya kifalme. Mimi huvutiwa zaidi na kile Stanley alichokikuta Mtagata, kwenye chemchemi za maji moto zilizo sasa katika Wilaya ya Kyerwa. Alikuta watu wengi wameloweka miili, wagonjwa wa ngozi, wa viungo, wa kila kitu, waliofika kutoka sehemu mbalimbali kwa kuamini maji yale. Walifikaje? Kwa miguu, wengine wakisaidiwa, wengine wakibebwa kama Grant. Yaani palikuwa na mtandao wa vijia vilivyotoka pande zote kuelekea Mtagata, ambavyo havikuwa na uhusiano wowote na pembe za ndovu, havikupita Kafuro, na hakuna ramani ya msafiri iliyovionyesha. Stanley alichota maji akaondoka nayo ili yapimwe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipiga ng'ombe wa Afrika Mashariki nzima, na Karagwe, iliyokuwa imejengwa juu ya ng'ombe, ikaanguka. Ndui na njaa vikafuatia, na ugomvi wa urithi wa ufalme ulikuwa umeanza kuila nchi hata kabla. Watu wakapungua, vibanja vikageuka pori, na njia za ng'ombe zikafungwa na majani. Sehemu kadhaa zilizohamwa hazikurudiwa tena. Baadhi ya mapori hayo ndiyo yaliyokuja kuwa mapori ya akiba, na mwaka 2019 yakapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe na ya Ibanda-Kyerwa. Mkama aliyewafungulia wageni njia amepewa jina la mahali ambapo leo mtu haruhusiwi kupita bila kibali. Historia ina utani wake.

Wajerumani, walioweka kituo Bukoba mwishoni mwa 1890, walileta wazo jipya: njia inyooke. Njia ya miguu huzunguka mti ulioanguka na kuendelea kuzunguka hata mti ukioza, kwa sababu hakuna mwenye kazi ya kuinyoosha. Barabara ya serikali ilikuwa na mwenyewe. Watawala wa jadi waliamriwa kutoa watu wa kufyeka na kulima, kila eneo na kipande chake, na kipande kikiota majani mkuu wa eneo ndiye aliyeulizwa. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliurithi utaratibu huo karibu kama ulivyokuwa. Aliyeshindwa kulipa kodi kwa fedha alilipa kwa mikono, na mara nyingi mikono hiyo ilikwenda barabarani. Kwa hiyo wengi walioikanyaga barabara kwa mara ya kwanza waliikanyaga wakiwa na jembe, na hawakuipenda kwa sababu hiyo.

Kuna barabara moja kubwa ambayo haikuwahi kuwepo. Baada ya vita hiyohiyo Waingereza walidai kipande cha mashariki ya Rwanda, Gisaka, ng'ambo tu ya Kagera kutoka Karagwe, ili reli waliyoiota ya kutoka Cape hadi Cairo ipate pa kupita. Wabelgiji wakakubali, kisha baada ya miaka michache kipande kikarudishwa. Hakuna taruma hata moja iliyolazwa. Lau ingejengwa, pengine Kyerwa ingekuwa inasimuliwa kwa namna nyingine kabisa.

Kilichokuja badala ya reli ni bati na kahawa. Migodi ya bati ya Kyerwa ilihitaji lori kufika milimani, na ng'ambo ya mto, upande wa Kikagati nchini Uganda, kulikuwa na migodi mingine ya bati na barabara yake. Kahawa nayo ilihitaji kufikishwa Bukoba. Kwa mara ya kwanza upana wa barabara ulipimwa kwa ekseli. Hapo ndipo mwenda kwa miguu alipoanza kwenda pembeni. Katikati ya barabara ya udongo tairi za lori huchimba mifereji miwili, mvua huijaza, na kati yake hubaki tuta lenye utelezi. Sehemu nzuri ya kukanyaga ni ule ukingo mgumu ulioachwa kando, upana wa mtu mmoja. Ukiutazama leo katika barabara yoyote ya changarawe kutoka Nkwenda hadi Kaisho utauona: kijia cheupe, laini, kinachokwenda sambamba na barabara kubwa kama vile hakiijui. Njia ya msafara haikufa, ilihamia kando.

Na ukingo huohuo ndio uliopokea baiskeli.

Fedha ya kahawa ndiyo iliyoleta baiskeli mkoani, kwanza kwa watu wa pwani ya ziwa waliokuwa na kahawa nyingi, kisha huku bara. Raleigh ya Kiingereza, baadaye Phoenix ya Kichina na Hero ya Kihindi, zote ni za muundo mmoja: nzito, gia moja, fremu ya chuma yenye bomba la juu, keria pana nyuma. Kwa nchi ya milima ni chaguo la ajabu. Gia moja haipandi mteremko wa Karagwe hata kama mpandaji ana mapaja ya mwanariadha. Lakini anayeshangaa hivyo anadhani baiskeli ilinunuliwa ili kupandwa.

Tazama ile inayobeba ndizi. Mikungu miwili inaning'inia kila upande wa keria, mwingine umelala juu, na ikiwa mwenye mali ni jasiri kuna mmoja tena kwenye fremu, mahali ambapo magoti yangekaa. Mkungu mmoja mzuri unaweza kufika kilo 30, kwa hiyo hapo pana mzigo wa wapagazi watano wa zama za Rumanyika. Yote imefungwa kwa kamba za tyubu iliyochanwa, zinazovutwa mpaka zinalia. Kwenye usukani, upande wa kushoto, imefungwa fimbo ndefu inayochomoza nje, na nyuma ya kiti imesimamishwa fimbo nyingine. Mwenyewe haonekani kupanda popote. Anatembea pembeni, mkono mmoja kwenye fimbo ya mbele akielekeza, mwingine kwenye ya nyuma akisukuma, mwili umeinama mpaka kichwa kinakaribia ndizi. Akifika kilele anapumua, anakagua kamba, na kwenye mteremko kazi inageuka: sasa ni kuizuia. Breki za vyuma haziwezi uzito ule, kwa hiyo hukanyaga tairi la nyuma kwa soli ya katambuga, mpira juu ya mpira, na harufu yake hufika kabla yake.

Mtu huyo anahitaji barabara ya namna gani? Anahitaji ukingo mgumu usio na kokoto zinazoteleza, kwa kuwa gurudumu likiteleza nusu shubiri mzigo wote unalala. Anahitaji nafasi ya watu wawili, kwa kuwa yeye na baiskeli yake ni wawili. Anahitaji mteremko mrefu wa pole kuliko mfupi wa kasi. Na anahitaji mahali pa kuegemeza njiani, kwa sababu stendi ya baiskeli haisimamishi kilo 150. Ndiyo maana kwenye vilima vikali utakuta mti au kingo ya udongo iliyochimbika kwa tairi za miaka mingi, kituo kisicho na kibao, kinachojulikana na kila mkokotaji. Majirani wa Goma, mashariki ya Kongo, walikwenda mbali zaidi: walitengeneza chombo chao cha mbao, chukudu, kwa ajili ya mizigo na miteremko, na mji wao ukakisimamishia sanamu. Huku kwetu mkokotaji wa ndizi hajapata sanamu, na hata ukingo wake hajahakikishiwa.

Miaka ya 1970 mambo mawili yalibadilisha sura ya barabara. La kwanza ni Operesheni Vijiji, iliyosukuma nyumba zisogee barabarani nchi nzima. Mkoa wetu wa Kagera, ulioitwa Ziwa Magharibi hadi 1979, haukuhamishwa kwa ukali kama mikoa mingine kwa kuwa mgomba na mbuni havihamishiki, lakini Karagwe ilikuwa na ardhi tupu na ilikuwa ikipokea wahamiaji, na vijiji vipya vilipangwa kando ya njia ya gari. Mlango wa nyumba ukaelekezwa barabarani, na kisima kikabaki kulekule bondeni. Safari ya maji ikarefuka.

La pili ni vita. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia mwishoni mwa Oktoba 1978 na kulilipua daraja la Kyaka mwanzoni mwa Novemba, barabara ya kwenda Mutukula ilikatika pale pale mahali ambapo njia ya Karagwe inachepuka. Maelfu walihama kwa miguu wakiwa na magodoro kichwani. Baada ya vita uchumi wa nchi ukawa taabani, mafuta hayapatikani, na kwa miaka kadhaa magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili mchana. Magari yaliyobaki yalikuwa machache na vipuri vyake vichache zaidi. Nathubutu kusema huo ndio uliokuwa wakati mzuri kuliko yote kwa baiskeli barabarani, ingawa hakuna aliyeufurahia. Barabara ilikuwa yao kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kuitumia.

Kahawa nayo ilijua njia. Bei ikiwa nzuri Uganda, magunia yalivuka Kagera usiku, kwa kichwa, kwa mtumbwi na kwa baiskeli, kupitia njia za panya ambazo zilikuwa zimekuwepo tangu mpaka haujachorwa. Serikali imepambana nazo vizazi kwa vizazi, na mwaka 2018 ilipoamuru kahawa yote iuzwe kupitia vyama vya msingi, doria za Kyerwa ziliongezwa. Ukiacha suala la sheria, mimi kama mtu wa njia naona jambo moja: baiskeli yenye gunia la kahawa inapita mahali ambapo gari la doria haliwezi kufika, na wenye gari hulijua hilo vizuri.

Mwaka 1994 barabara hizi zilibeba watu ambao hazikuwahi kuwabeba. Dunia inaikumbuka Ngara, ambako karibu watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi mwishoni mwa Aprili. Karagwe ilipokea wakimbizi wa Rwanda pia, katika kambi za Kagenyi, Chabalisa, Omukariro, Rubwera na nyinginezo. Watu hao walitembea kutafuta kuni na maji, na nyayo zao zilifungua vijia vipya milimani kwa wiki chache, na vilima vingine vikavuliwa miti kabisa. Malori ya misaada yalihitaji barabara, greda zikaja, na vipande vilivyosahaulika vikachongwa. Desemba 1996 wakimbizi walirudishwa Rwanda, tena kwa miguu. Rubwera, iliyokuwa kambi, leo ni makao makuu ya Wilaya ya Kyerwa.

Lami ilichelewa sana. Wakala wa Barabara, TANROADS, ulianza mwaka 2000, na barabara ya Kyaka hadi Bugene, kilometa 59.1, ilijengwa katika miaka iliyofuata 2010 na kuzinduliwa rasmi na Rais John Magufuli Novemba 2017. Sikia jinsi safari ya Bukoba ilivyofupika na utaelewa kwa nini watu walishangilia. Mama mjamzito aliyepewa rufaa hakurushwarushwa tena nyuma ya pikapu. Vumbi la kiangazi lililofanya majani ya migomba kuwa mekundu lilikoma. Sitaki mtu anisome kama adui wa lami.

Lakini lami ilikuja na sheria zake, na sheria ya kwanza ilikuwa ya kipimo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 kila upande hadi mita 30. Kwenye ramani ni ongezeko dogo. Kwenye mji ulio juu ya mgongo mwembamba ni baraza la duka, ni kaburi la babu, ni mgomba uliopandwa na bibi. Alama ya X ya rangi nyekundu ikaanza kuonekana kwenye kuta. Wengine waliovunjiwa walirudi nyuma kidogo wakajenga tena. Wengine hawakuwa na nyuma: mgongo unaisha, bonde linaanza.

Sheria ya pili ilikuwa ya maji. Milima hii hupata mvua misimu miwili, na lami isiyo na mtaro hung'oka. Kwa hiyo wahandisi, kwa haki kabisa, walichimba mitaro ya kina na kuijengea mawe kwenye miteremko. Mtaro wa mawe ni kitu kizuri kwa barabara. Kwa mtoto wa darasa la pili anayevuka kwenda shule ni ukuta uliogeuzwa chini juu. Njia za zamani zinazokata mgongo, zile za kisimani na za kwa shemeji, zilifika ukingo wa mtaro zikakwama. Makalavati yaliwekwa mahali gari linapochepuka. Miguu haichepuki kwenye kona za gari. Inashuka moja kwa moja, kwenye mstari mfupi, na kati ya kona mbili za barabara inayojizungusha kupanda mlima utakuta daima njia ya mkato iliyosimama wima, imechimbika, inayoleta udongo mtaroni kila mvua inaponyesha. Mhandisi huiona kama uharibifu. Ni sawa na kumlaumu mtu kwa kutopenda kutembea mara tatu ya umbali unaohitajika akiwa na ndoo kichwani.

Sheria ya tatu haikuandikwa: kasi. Kwenye changarawe lori lilitambaa, na mkokotaji wa baiskeli alilisikia likiwa bado kilima cha pili. Kwenye lami basi dogo linakuja limeshafika. Matuta yaliwekwa kwenye vituo na mbele ya shule, na yanasaidia, isipokuwa kwamba baiskeli yenye mikungu mitano haipendi tuta, hivyo mkokotaji hulikwepa kwa kupita kwenye kiupenyo kilichoachwa pembeni, ambacho pikipiki nayo imekichagua kwa sababu hiyohiyo. Bodaboda, iliyoanzia kwenye baiskeli za kubeba abiria huko Busia, mpaka wa Kenya na Uganda, na kuja kupewa kanuni zake Tanzania mwaka 2010 ikiwa pikipiki, imekuwa mpangaji mpya wa ukingo. Vijana ambao baba zao walikokota ndizi wanabeba mkungu mmoja na abiria mmoja kwa dakika 15. Sioni namna ya kuwaambia warudi kwenye baiskeli. Naona tu kwamba ukingo ni uleule, na waliomo ndani yake wameongezeka.

Hali hii huonekana vizuri Omurushaka, njia panda ambako barabara ya Kyerwa inaachana na ile ya Kayanga. Siku ya gulio ndizi hufika kwa kila chombo kinachotembea, na lori la kwenda Mwanza husimama likijazwa. Mahali pa kushushia mikungu ni bega la barabara, kwa sababu hapo ndipo lori linapofikika. Mama mwenye nyanya hukaa hapohapo kwa sababu ndipo wateja wanapopita. Bodaboda hungoja hapohapo. Mwenda kwa miguu, ambaye bega hilo lilitengenezwa kwa jina lake, hushuka kwenye lami. Halmashauri huwahamisha wachuuzi, wachuuzi hurudi, na kila upande una hoja. Soko lililojengwa ndani, mbali na njia panda, hukaa tupu, kwa sababu karne moja na nusu baada ya Kafuro biashara ya Karagwe bado inakaa pale misafara inapopita.

Kyerwa ilianza maisha yake kama wilaya mwaka 2012 ikiwa haina lami ya kuunganisha makao makuu yake na Omurushaka, na barabara ya kwenda Murongo mpakani ikabaki ya changarawe kwa miaka mingi ya ahadi. Barabara ndogo za vijijini zilikabidhiwa TARURA ilipoundwa 2017. Kuchelewa huko, kwa mtazamo wangu, kuna faida moja ambayo Karagwe haikuipata: mifano iko jirani, umbali wa nauli ya basi. Mchoraji wa barabara ya Kyerwa anaweza kwenda Bugene akahesabu kwa macho yake ni wapi njia za miguu zimekutana na mtaro na nini kilitokea.

Kilichotokea ni kwamba wanakijiji wamejijengea. Mahali pengine ni ubao, mahali pengine mawe mawili yaliyopangwa kama ngazi ndani ya mtaro, mahali pengine magogo matatu ya mkaratusi yaliyolazwa sambamba na kufunikwa udongo, upana unaotosha baiskeli na mtu wake. Mara nyingi hayo magogo ndiyo yanayoziba mtaro, takataka zikijikusanya chini yake, na kikosi cha matengenezo kikija huyang'oa. Wiki ile ile yanakuwa yamerudi. Slabu ya zege ya mita moja na nusu, iliyochorwa tangu mwanzo katika kila mahali ambapo kijia cha kisimani kinakata barabara, isingeziba maji na isingehitaji kung'olewa. Kwa kipande cha kutoka Omurushaka kuelekea Nkwenda mahali hapo panajulikana. Ni watoto wa shule wanaoweza kumwonyesha mpimaji, kijia kimoja baada ya kingine, bila kukosea.